Bendera Ilishuka, Boma Likabaki

Makoloni 13 ya Marekani yalipotangaza kujitenga na Mfalme George III mwezi Julai 1776, yalikuwa na mabunge yao tayari. Virginia ilikuwa na baraza la wawakilishi tangu 1619. Kwa zaidi ya miaka mia moja na hamsini walowezi wale walikuwa wamezoea kupiga kura, kubishana juu ya kodi na kumtunishia gavana msuli. Vita vilipokwisha mwaka 1783, walichobakiwa nacho ni kazi ya kuyaunganisha mabaraza yaliyokwishajua kutawala, na hata hapo mkataba wao wa kwanza wa muungano uliwashinda, wakalazimika kukutana Philadelphia mwaka 1787 kuandika katiba nyingine.

Tanganyika haikuwa na urithi wa namna hiyo. Baraza la Kutunga Sheria lilianzishwa mwaka 1926 na likakaa bila Mwafrika hata mmoja hadi 1945, walipoingia machifu wawili, Abdiel Shangali wa Uchagani na Kidaha Makwaia wa Usukumani, nao waliteuliwa na gavana. Uchaguzi wa kwanza ulianza Septemba 1958. Uhuru ukaja tarehe 9 Desemba 1961. Tangu kura ya kwanza hadi bendera mpya ni miaka mitatu na miezi mitatu.

Kwa hiyo maswali ni mawili, ingawa tumezoea kuyauliza kama moja. Nchi ilijitoaje mikononi mwa Mwingereza kwa haraka hiyo, tena bila vita? Na serikali iliyokaa mahali pake ilitoka wapi? La kwanza tumelisimulia kila Desemba kwa fahari, na fahari hiyo ni ya haki. La pili tumelipitia juu juu. Mahali pazuri pa kuyatazama yote mawili ni mwambao wa Mrima, kuanzia Bagamoyo kupanda Saadani hadi Pangani, kwa sababu huko watu walijaribu kuung'oa utawala wa Ulaya miaka 73 kabla ya uhuru, na huko ndiko serikali ya kikoloni ya bara ilikoanza kujenga ofisi zake.

Aprili 1888 Sultani Khalifa wa Zanzibar aliikodishia Kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki utawala wa pwani na ushuru wake kwa miaka 50. Wenyeji hawakuulizwa. Tarehe 16 Agosti maofisa wa Kampuni wakaanza kazi, na walianza vibaya: walitaka bendera yao ipepee pamoja na ya Sultani, walitaka hati za mashamba na nyumba, walitaka kodi mpya. Pangani, ofisa Emil von Zelewski alijiingiza katika mambo ya msikiti na ya liwali kwa ufedhuli ambao simulizi za pwani hazijausahau. Mwezi Septemba mwambao mzima ukalipuka. Tarehe 22 mwezi huo Bagamoyo ilishambuliwa, manowari Leipzig ikashusha wanamaji kuwaokoa watu wa Kampuni, na watu wengi wa mji wakauawa. Wakimbizi wakajaa katika uwanja wa misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu, iliyokuwa pale tangu 1868.

Vitabu vya shule huviita vita vile "vita vya Abushiri", kwa jina la Bushiri bin Salim al-Harthi, mwenye mashamba ya miwa Pangani. Jina hilo linaficha mengi. Walioanza ni umati: wapagazi, wenye misafara waliokuwa wameshuka na pembe, wavuvi, watumwa, majumbe wa Mrima walioona heshima na ada zao zikichukuliwa. Bushiri aliukuta moto unawaka akaupa uongozi. Saadani kulikuwa na Bwana Heri, mtawala wa Wazigua ambaye hata Sultani hakuwa amefaulu kumweka chini. Wakubwa wa Kiarabu wa mijini walikuwa na shabaha yao, wafanyabiashara wa Kihindi walitaka utulivu warudishiwe madeni yao, na majumbe walitaka uhuru ambao wengine wakiwasikia wanautaja walitikisa kichwa. Lililowaunganisha lilikuwa chuki kwa Kampuni. Juu ya nani angetawala baada ya Kampuni kufukuzwa, hawakuwa na neno moja.

Berlin ilikuwa na neno moja. Kamanda wake, Hermann Wissmann, alifika mwaka 1889 na askari wa Kisudani walioajiriwa Misri na wengine kutoka Msumbiji, na tarehe 8 Mei akalivunja boma la Bushiri karibu na Bagamoyo. Meli za Kijerumani na Kiingereza zilikuwa zimekwisha kuzingira pwani tangu mwisho wa 1888 ili bunduki zisiingie. Jambo hilo tulikumbuke tunapowasifu Waingereza kwa kuondoka vizuri: walisaidia kufunga mlango. Bushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Bwana Heri alisalimu amri Aprili 1890, akasamehewa.

Kilichofuata kina uzito kuliko ule tunaokipa kwa kawaida. Mwaka 1890 Ujerumani ilimlipa Sultani marka milioni nne, na mwambao uliokodishwa ukawa umeuzwa. Tarehe 1 Januari 1891 serikali ya Kaisari ikachukua madaraka kutoka kwa Kampuni, na mwaka huohuo makao makuu yakahamishiwa Dar es Salaam. Bagamoyo ikabaki na boma, misheni na kumbukumbu za misafara.

Mauzo yale ndiyo sababu moja iliyofanya uhuru wa 1961 uwe mwepesi upande wetu wa mpaka. Kenya, Waingereza waliendelea kumlipa Sultani kodi ya ukanda wa maili kumi mpaka mwisho. Uhuru ulipokaribia, Mombasa na Malindi zikapata chama cha Mwambao, watu wakidai pwani ijitenge na bara au irudi Zanzibar, na ilibidi London iunde tume mwaka 1961, na Jomo Kenyatta wa Kenya na Mohammed Shamte wa Zanzibar waandikiane Oktoba 1963 ndipo jambo liishe. Kama limekwisha. Bagamoyo na Tanga hazikuwa na Sultani wa kumrudia. Mtu wa Mrima aliyetaka kusema kuwa yeye si wa bara hakuwa na karatasi ya kushika mkononi; karatasi yake iliuzwa Berlin.

Tena, kwa wakati ule, mtu wa Mrima alikwisha kuwa sehemu ya dola. Wajerumani waliwachukua watu wa pwani wenye kusoma na kuandika wakawafanya maakida, makarani na walimu, wakawatuma bara. Huko hawakupendwa. Vita vya Maji Maji vilipoanza mwaka 1905 upande wa Umatumbi, akida alikuwa miongoni mwa waliolengwa mwanzo. Ni historia isiyotupendezesha sana sisi tunaojivunia ustaarabu wa pwani, lakini matokeo yake yalikuwa makubwa: Kiswahili kikawa lugha ya barua, ya kodi, ya mahakama na ya shule toka Mikindani hadi Bukoba. Waingereza, waliouteka mji wa Bagamoyo Agosti 1916 na kupewa nchi kwa udhamini wa Shirikisho la Mataifa mwaka 1922, waliikuta njia hiyo imekwishapasuliwa. Gavana Donald Cameron alipoleta utawala wa kupitia machifu mwaka 1926, ilibidi katika sehemu nyingine watafutwe au watengenezwe. Pwani waliendelea na maliwali na maakida.

Bagamoyo liwali huyo alikuwa kwa miaka mingi Sheikh Yahya bin Abdallah, anayejulikana kama Sheikh Ramiya. Alikuwa ametoka utumwani, akasoma, akafanya biashara, akawa khalifa wa tarika ya Qadiriyya. Ziyara ya Bagamoyo ilivuta watu kutoka mbali bara. Baada yake mwanawe, Sheikh Muhammad Ramiya, aliurithi ukhalifa, na chama cha TANU kilipokuja alisimama upande wake. Chama chochote cha siasa kingelipa fedha nyingi kupata mtandao wa namna hiyo, uliojengwa kwa dhikiri na safari za murid kwa shekhe wake. TANU iliupata bila kuuomba.

Hapo ndipo siri ya haraka ya Tanganyika ilipo, kwa maoni yangu. Jumuiya ya Waafrika ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1929 na makarani na wafanyakazi wa mjini, Kleist Sykes akiwa mmoja wa nguzo zake. Ilipata matawi bara kwa sababu makarani walihamishwa huku na huko. Vikundi vya beni na lelemama vilikuwa vimekwisha kuziunganisha Dar es Salaam, Tanga, Tabora na Ujiji kwa ngoma na mashindano. Tarehe 7 Julai 1954 Jumuiya ilipogeuka TANU chini ya Julius Nyerere, mwalimu wa Pugu, chama hakikuanza na ukumbi mtupu. Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa ngoma za Dar es Salaam, alipokabidhiwa kazi ya wanawake mwaka 1955, alijua aende kwa nani: viongozi wa vikundi vya lelemama, kila mmoja na watu wake. Kwa miezi michache alikuwa ameandikisha maelfu. Wanaume wengi walioajiriwa serikalini walikatazwa kujiunga. Wake zao, mama lishe na wauza pombe hawakuwa na kazi ya kufukuzwa.

Bushiri alikuwa na umati bila chama. TANU ilikuwa na chama kilichokaa juu ya mitandao iliyokuwapo kabla yake. Na ilikuwa na kitu kingine ambacho si Bushiri wala George Washington alikuwa nacho: mahali pa kumshitakia mtawala. Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa tangu 1946. Kirilo Japhet alikwenda New York mwaka 1952 kulalamikia ardhi ya Wameru waliohamishwa, na ingawa hakuirudisha ardhi, aliporudi alizunguka nchi kueleza yaliyotokea. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliokuja 1954 ulipendekeza uhuru ndani ya miaka 20 hadi 25, jambo lililomchukiza sana Gavana Edward Twining. Machi 1955 Nyerere naye alisimama mbele ya Baraza la Udhamini.

Jibu la Twining lilikuwa siasa ya mseto wa rangi: Waafrika, Waasia na Wazungu wapate viti sawa barazani, ingawa Wazungu walikuwa wachache mno. Alikisaidia chama cha UTP kizaliwe 1956, alikataa kuandikisha matawi kadhaa ya TANU, alimpiga Nyerere marufuku kuhutubia mikutano ya hadhara. Uchaguzi wenyewe ulikuwa na kura tatu: kila mpiga kura lazima amchague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, la sivyo kura yake imeharibika. Na si kila mtu alipiga kura. Ilihitajika kipato, elimu au cheo.

Mkutano wa TANU wa Tabora, Januari 1958, ndio ninaouona kuwa mzito kuliko hata siku ya bendera. Wajumbe wengi walifika na nia ya kuususa uchaguzi. Nyerere aliwashawishi waingie katika mtego na kuugeuza: TANU iwachague yenyewe Wazungu na Waasia wa kuwaunga mkono. Zuberi Mtemvu alikataa, akatoka, akaunda chama chake cha Congress. Katika awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, wagombea wa TANU na marafiki zake walifagia karibu kila kiti, UTP ikafa. Chombo kilichotengenezwa kuwazuia kiliwapa wabunge wa rangi zote waliokuwa upande wao. Anayedhani kuwa uhuru wetu uliletwa na ukarimu wa London aisome Tabora tena.

Ni kweli London nayo ilikuwa inachoka. Mradi wa karanga wa Kongwa ulikuwa umemeza mamilioni ya pauni bila karanga za kutosha, Kenya ilikuwa imewaonyesha gharama ya vita vya msituni, na Gavana mpya wa 1958, Richard Turnbull, alitoka hukohuko Nairobi akijua polisi aliopewa hawangetosha kuizuia nchi ikichafuka. Hata hivyo Januari 1959 mawaziri na magavana wa Kiingereza walikuwa bado wanafikiria mwaka 1970 kwa Tanganyika. Iain Macleod alipoingia Wizara ya Makoloni baadaye mwaka huo, kalenda ikakunjwa. Agosti 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71, vingi bila kupingwa. Septemba Nyerere akawa Waziri Kiongozi. Machi 1961 mkutano wa katiba ulifanyika Ukumbi wa Karimjee, ukamalizika kwa siku chache. Desemba mwenge ukawashwa juu ya Kilimanjaro.

Si wote pwani waliofurahia kasi hiyo. Chama cha AMNUT kiliomba mwaka 1959 uhuru ucheleweshwe mpaka Waislamu wapate elimu ya kutosha kushika nafasi. Masheikh wengi walikikana, na kwa siasa walikuwa sahihi. Lakini hofu yenyewe haikuwa ya kubuni. Bagamoyo ilikuwa na misheni kongwe, na bado shule za nyakati zile zilikuwa zimewapa watu wa bara wenye kanisa nafasi ambazo mtoto wa madrasa wa Mrima hakuwa nazo. Wazee walioibeba TANU mabegani waliona ofisi zinajazwa na wengine. Kulizungumza jambo hili bado kunawasha masikio ya watu, na kulinyamazia hakujalipoza.

Sasa swali la pili. Serikali ilitoka wapi?

Tarehe 9 Desemba 1961 mkuu wa nchi alikuwa Malkia Elizabeth II, na Turnbull aliyekuwa gavana akawa gavana mkuu. Katiba ilikuwa amri iliyotolewa London. Wamarekani walimtupa mfalme wao kwa tangazo la siku moja. Sisi tulimuaga kwa heshima mwaka mmoja baadaye. Katiba ya Jamhuri ya 1962 iliandaliwa na serikali kwa waraka, na Bunge lililokwisha kuchaguliwa likajigeuza Bunge la Katiba na kuipitisha. Hapakuwa na wajumbe waliochaguliwa kwa kazi hiyo. Rais alipewa madaraka mapana kuliko ya waziri mkuu aliyemtangulia, na sura ya haki za binadamu ikaachwa nje kwa hoja kwamba ingewafunga mikono wenye kazi ya kujenga taifa. Sheria ya kuweka watu kizuizini ilipita mwaka huohuo. Katika uchaguzi wa rais wa Novemba 1962, Nyerere alipata kura zaidi ya milioni moja na Mtemvu kama elfu ishirini na moja. Mwaka 1965 chama kikawa kimoja kisheria.

Mtetezi atasema, na atasema kweli, kwamba nchi ilikuwa na wahitimu wa chuo kikuu wa kuhesabika, makabila zaidi ya mia moja, na Januari 1964 askari wake waliasi. Umoja ulipatikana, na ukitazama majirani, si jambo dogo. Na Philadelphia nayo isitukuzwe: wajumbe wake waliwaacha watumwa utumwani, na sura ya haki waliiongeza 1791 baada ya kelele. Tena walikuwa walowezi. Mfano wao halisi Afrika ni Ian Smith wa Rhodesia, aliyejitangazia uhuru Novemba 1965 kwa tangazo lililoiga lile la 1776, na Tanzania ikavunja uhusiano na Uingereza kwa sababu London haikumwangusha.

Hata hivyo nenda Bagamoyo utazame ngazi ya chini, ambako mwananchi hukutana na dola. Mjerumani alikaa bomani na kumtuma akida. Mwingereza akamweka mkuu wa wilaya na kumwachia liwali mambo ya wenyeji. Machifu na maliwali waliondolewa baada ya uhuru, na hakuna aliyewalilia sana. Waliowekwa badala yao, kuanzia 1962, walikuwa wakuu wa mikoa na wa wilaya walioteuliwa na Rais, ambao pia walikuwa makatibu wa TANU mahali hapo. Mtu mmoja, kofia ya serikali na kofia ya chama. Mwaka 1972 mpango wa madaraka mikoani ulizifuta halmashauri zilizochaguliwa, yaani chombo pekee cha ngazi ya wilaya ambacho mtu wa Kiwangwa au Mkwaja alikichagua mwenyewe, na hazikurudi hadi 1984. Mkuu wa wilaya bado anateuliwa na Rais. Sheria ya 1997 inampa uwezo wa kuamuru mtu akamatwe na kuwekwa ndani hadi saa 48. Ofisa wa Kijerumani wa mwaka 1897 angeielewa sheria hiyo bila mkalimani.

Katiba ya 1977 iliandaliwa na tume ya watu ishirini chini ya Sheikh Thabit Kombo, tume ileile iliyoandika katiba ya CCM, chama kilichorithi nafasi ya TANU. Haki za binadamu ziliingizwa 1984. Jaribio la kweli la kuwaita wananchi waandike katiba yao lilianzishwa na mtu wa wilaya ya Bagamoyo, Jakaya Kikwete wa Msoga, akiwa Rais. Tume ya Jaji Joseph Warioba ilizunguka nchi, ikakusanya maoni, ikatoa rasimu ya serikali tatu. Bunge Maalum la Dodoma likaibadilisha, wapinzani walioungana katika UKAWA wakatoka nje Aprili 2014, na Katiba Inayopendekezwa ikapitishwa Oktoba bila wao.

Watu wa Mrima walijua kuikataa Kampuni kabla hawajajua watakachoweka badala yake. Wajukuu wao walijua kuushinda mpango wa Twining kwa kura tatu alizozibuni yeye mwenyewe. Katika kuvunja, tumekuwa hodari mara ya pili. Katika kuunda, kazi ilifanywa na wachache kwa niaba ya wengi, mwaka 1961, 1962, 1965 na 1977. Kura ya maoni ambayo ingewapa wengi nafasi yao ya kwanza ilipangwa tarehe 30 Aprili 2015. Iliahirishwa, na haijapigwa.